Damu ya Ugalla Chini ya Lenzi

Abiria wa treni ya Mpanda akishaiacha Kaliua husafiri msituni kwa saa nyingi. Ni mitundu, mininga, mikurungu iliyobakizwa na misumeno, mbuga zinazofurika masika, kisha mto Ugalla wenyewe na viboko wake. Wageni huuliza kama eneo hili limewahi kukaliwa na watu. Limekaliwa. Palikuwa na vijiji, mashamba ya mtama, watemi na makaburi ya watemi. Watu waliondolewa kwa sababu ya kitu kilichoonekana ndani ya tone la damu, na waliokiona walikuwa wachache waliojua kuinamia hadubini.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimezaliwa jirani na reli, nimesoma damu za watu katika zahanati na vituo vya afya vya Mpanda tangu Katavi haijawa mkoa, na sasa nafundisha vijana wanaoingia katika kazi hiyo. Vijana wananiuliza kuhusu kompyuta zinazosoma picha za wagonjwa. Huwa nawaanzishia mbali, hapa hapa Ugalla, maana swali lao lina umri mkubwa kuliko kompyuta: nani anaisoma picha ya mwili wa mtu, anaisoma kwa kanuni gani, na nani anaruhusiwa kuikagua kanuni hiyo?

Tuanze na picha yenyewe. Tone la damu ya kidoleni huwekwa juu ya kioo chembamba tunachokiita slaidi. Tone nene huachwa likauke lenyewe. Utandazo mwembamba huchovywa kwenye methanoli ili chembe zisipasuke. Kisha inafuata rangi. Rangi tunayoitumia mpaka leo ni ya Gustav Giemsa, mfamasia Mjerumani aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya mwaka 1895 na 1898. Baadaye, akiwa Hamburg, alichapisha mchanganyiko wake mwaka 1904, na vipimo vya azuri, eosini, gliserini na methanoli vikiwa wazi kwa kila mwenye mizani. Ndiyo maana zaidi ya karne moja baadaye mtu wa Mpanda anaweza kuichanganya rangi hiyo na akapata zambarau ileile aliyoipata Giemsa, mradi maji yake yasiwe na uchachu wala magadi kupita kiasi.

Chini ya lenzi ya mara 100, yenye tone la mafuta, chembe nyekundu zinaonekana za waridi, mviringo, upana wa maikroni saba au nane. Kidubini cha malale, trypanosoma, ni kirefu kuliko chembe hizo mara mbili au tatu. Kina mwili wa samawati, kiini cha zambarau katikati, nukta moja ndogo ya kiza upande wa nyuma, utando uliojikunja ubavuni, na mjeledi unaotangulia mbele. Ukishakiona mara moja hukisahau. Tatizo ni kukiona. Mgonjwa anaweza kuwa nacho kimoja katika sehemu mia za slaidi, na jicho la mtu aliyeanza kazi alfajiri huchoka kabla ya kufika sehemu ya hamsini.

Kazi hii imekuwa ya namba tangu zamani. Kwa malaria tunahesabu vimelea mpaka tufikishe chembe nyeupe 200, tunazidisha kwa 8,000, tunagawa kwa 200, na hapo tunapata makadirio ya vimelea katika kila mikrolita ya damu. Ile 8,000 ni idadi ya chembe nyeupe tunayoichukulia kwa kila mtu, na kila mwanafunzi anafundishwa kwamba ni makadirio. Slaidi haitupwi papo hapo. Msomaji wa pili anaweza kuichukua na kuisoma upya bila kuambiwa wa kwanza alipata nini, na wakitofautiana sana anaitwa wa tatu. Huo ndio utaratibu wa kazi yetu ninaojivunia kuliko mwingine wowote: jibu linakuja na ushahidi wake, na ushahidi unaweza kusomwa tena.

Ila kwa watu wa Ugalla wa miaka ya 1920 na 1930, slaidi haikusomwa tena mbele yao.

Malale ilikuwa imekwisha kuitikisa Afrika Mashariki kabla ya hapo. Kuanzia mwaka 1900 iliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwaka 1902 hadi 1903, Entebbe, ndipo trypanosoma alipoonekana katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907. Msaidizi wake Friedrich Kleine, akifanya kazi upande wa Wajerumani, alionyesha mwaka 1909 kwamba kidubini hukua ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla mbung'o hajaweza kumwambukiza mtu. Mwaka uliofuata Stephens na Fantham, huko Liverpool, walieleza aina ya pili, rhodesiense, iliyokwenda haraka na kuua upesi. Hiyo ndiyo yetu. Mwaka 1922 ikalipuka Maswa, na katika miaka iliyofuata ikagunduliwa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika, ambako mbung'o wa miombo, tunayemwita pia ndorobo, hapungukiwi kivuli wala mnyama wa kumnyonya.

Serikali ya Waingereza ilimkabidhi Dr. George Maclean kazi ya kupambana na malale. Fikra yake kuu ilikuwa kwamba mtu mmoja mmoja msituni hawezi kumshinda mbung'o, lakini watu wengi wakikusanywa mahali pamoja watafyeka, watalima, na mbung'o atakosa pa kukaa. Watu wa Ugalla, wa Ukonongo, wa Buha na kwingineko wakaamriwa kuacha vijiji vyao vilivyotawanyika na kuhamia makazi makubwa yaliyochaguliwa na maofisa. Vijiji vilivyoachwa vikarudi msituni.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alisimulia kwamba alikuja dresa na sanduku la mbao, watu wakapangwa mstari, wakashikwa shingo kutafutwa tezi, wakatobolewa vidole. Dresa akaandika daftarini na kuondoka. Baada ya mavuno ikaja amri ya kuhama. Bibi yake aliuliza ni nani kati yao aliyekutwa na ugonjwa, na hakujibiwa. Babu alilirudia jambo hilo katika kila msimulio wake, hata alipokuwa amesahau majina ya wanawe. Kuhama kwenyewe alikuwa amekwisha kukusamehe. Ugonjwa ulikuwepo kweli, watu walikuwa wakisinzia na kufa, na makazi yale yalipunguza wagonjwa. Kisichomtoka rohoni ni lile daftari lililofungwa mbele ya uso wa bibi yake.

Mengine nayapitia haraka. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 ili kuifuata migodi ya risasi. Msitu wa mto ukafanywa pori la akiba la Ugalla mwaka 1965. Wakimbizi wa Burundi wakaletwa Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, wakafyeka msitu mkubwa na kulima, na Mpanda ikala mahindi yao. Pori la akiba likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Kila hatua hapa ilikuwa na habari ya mbung'o ndani yake, maana warina asali, wavuvi na wapasua mbao waliendelea kuingia porini na kutoka na homa. Mwaka 1958 watafiti nchini Kenya walikuwa wameonyesha kwamba rhodesiense hukaa ndani ya pongo bila kumdhuru. Kwa hiyo pori lenye pongo, mbung'o na mrina asali linajitosheleza kwa malale hata kama kijiji cha karibu hakina mgonjwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba kila mwenye homa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka vikaenea nchini mpaka kwenye zahanati za mwisho wa barabara. Ni baraka, na sitamsikiliza anayesema vinginevyo. Tone moja la damu, dakika kumi na tano au ishirini, jibu. Lakini kipimo cha haraka hujibu swali moja tu. Zamani mtu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria katika tone nene aliweza kumkuta trypanosoma akipita, na mgonjwa aliyekuja kwa homa ya kawaida akaokoka. Leo mrina asali anapimwa, kipimo kinasema hana malaria, anapewa dawa za kutuliza na kurudishwa nyumbani. Hadubini imefunikwa kitambaa kwenye kona. Mwaka huohuo wa 2010 ulichapishwa utafiti kuhusu malale katika wilaya ya Urambo, jirani zetu wa kaskazini, uliokadiria mzigo wa ugonjwa huo ukizingatia kwamba wagonjwa wengi hawaripotiwi. Sikushangaa hata kidogo.

Macho yanapungua, na hapo ndipo kompyuta inapoingia. Wanafunzi wangu hudhani jambo hili lilianza na akili mnemba ya juzi. Lilianza zamani zaidi. Mwaka 1973 Robert Haralick na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha vipimo 14 vya kueleza mkwaruzo na ulaini wa picha kwa namba. Picha walizozijaribia zilikuwa za mawe ya mchanga chini ya hadubini, za angani, na za setilaiti. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Wazo lao ni jepesi kulieleza ubaoni. Picha ya kompyuta ni viraka vidogo, pikseli, na kila pikseli ina namba ya ukijivu wake. Chukua pikseli moja, mtazame jirani yake wa kulia, uandike namba zao mbili. Fanya hivyo kwa picha nzima. Mwishoni utakuwa na jedwali linalosema kijivu cha 3 kimekaa ubavuni mwa kijivu cha 5 mara ngapi, cha 5 ubavuni mwa cha 5 mara ngapi. Picha laini itajaza mstari wa mshazari wa katikati ya jedwali, kwa kuwa majirani wanafanana. Picha yenye mikwaruzo itatapakaa pembeni. Kutokana na jedwali hilo unapiga hesabu ya utofauti, ya usawa, ya vurugu. Mwaka 1975 Mary Galloway akaongeza njia nyingine, ya kuhesabu pikseli zenye ukijivu mmoja zimefuatana mstari mrefu kiasi gani. Hivi ndivyo vinavyoitwa sifa za picha, na karibu kila programu ya kutoa sifa katika picha za tiba inavibeba mpaka leo.

Kilichofuata ni kazi ya watu waliokataa kuficha. Wayne Rasband, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitengeneza programu ya picha kuanzia mwaka 1987, na mwaka 1997 akaanza nyingine, ImageJ, inayokubali aina nyingi za kompyuta. Aliitoa bila hakimiliki. Mtu yeyote anaichukua, anafungua msimbo wake, anasoma kila mstari. Miaka minane baadaye ikaja CellProfiler, iliyoanzishwa na Anne Carpenter na Thouis Jones kwa ajili ya kupima maelfu ya chembe hai katika picha za hadubini: ukubwa, umbo, ung'avu, mkwaruzo. Nayo ni huria.

Kwenye picha za eksirei na CT mambo yalikwenda kasi zaidi. Mwaka 2012 Philippe Lambin na wenzake wa Ulaya na Marekani walitoa hoja kwamba picha ya uvimbe ina habari nyingi kuliko jicho la daktari linavyoona, na kwamba habari hizo zitolewe kama namba mamia kwa mamia. Kila chuo kikaandika programu yake. Na hapo kukatokea balaa, maana programu mbili zikipewa uvimbe uleule na kuombwa kipimo chenye jina lilelile, zilitoa majibu mawili. Moja imegawa vijivu katika mafungu 32, nyingine 64. Moja imehesabu majirani wa pande zote, nyingine wa pande nne. Aliyesoma matokeo hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu msimbo ulikuwa kabatini. Mwaka 2017 kikundi kilichoko Boston na wenzake, Joost van Griethuysen akiwa mwandishi wa kwanza, kikachapisha PyRadiomics, programu huria iliyoandikwa kwa Python, yenye kila fomula wazi na maelezo yake. Na mwaka 2020 timu 25 za nchi mbalimbali, zikiratibiwa na Alex Zwanenburg wa Dresden, zikatoa makubaliano yaliyosawazisha sifa 169, kila moja ikiwa na jibu linalotarajiwa, ili mwenye programu ajipime mwenyewe aone kama anahesabu sawasawa na wenzake.

Nikiwasomea wanafunzi habari hii ya timu 25, huwakumbusha msomaji wa pili wa slaidi. Ni kazi ileile. Namba isiyoweza kuhesabiwa upya na mtu mwingine haina haki ya kuitwa kipimo.

Na Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, watu wa maabara ya akili mnemba walibuni kishikizi cha simu kinachochapwa kwa mashine ya kuchapa vitu, kikaiunganisha simu na jicho la hadubini ya kawaida. Mwaka 2016 John Quinn, Rose Nakasi na wenzao walionyesha kompyuta ikisoma picha za malaria katika tone nene la damu, za kifua kikuu katika makohozi, na za mayai ya minyoo katika choo, zote zikiwa zimepigwa katika mazingira ya Uganda. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Afya Ifakara kule Bagamoyo, pamoja na STICLab na Bongo Tech & Research Labs za Dar es Salaam, zilishiriki kuijenga na kuijaribu OpenFlexure, hadubini iliyoanzishwa na Richard Bowman na wenzake wa Uingereza. Mwili wake unachapwa kwa plastiki, unasogea kwa vipimo vya chini ya maikroni moja, kamera na kompyuta yake ndogo zinapatikana madukani, na michoro yote iko wazi pamoja na programu inayoiendesha. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2020, na majina ya Watanzania yamo katika orodha ya waandishi. Kikivunjika kipande, kinachapwa kingine Dar es Salaam.

Nisiwe mchoyo kwa programu zilizofungwa. Bagamoyo hiyohiyo ilitoa picha za kifua zilizotumika kuijaribu CAD4TB, programu ya Waholanzi inayoipa picha ya eksirei alama kutoka 0 hadi 100 ya uwezekano wa kifua kikuu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za aina hiyo zitumike kuwachuja watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Zimesaidia wengi mahali pasipo na daktari wa eksirei. Lakini alama hiyo inatoka vipi, muuguzi wa Inyonga hawezi kuona. Hata ushauri wa shirika lenyewe unataka kila mahali papime upya ni alama ngapi iwe mpaka wa kumwita mtu mgonjwa. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kililetewa kifaa cha kusoma picha chenye leseni ya muda. Leseni ilipokwisha, skrini iliandika kwamba haturuhusiwi kuingia, na picha za wagonjwa wetu zikabaki humo ndani.

Darasani kwangu natumia kompyuta kuukuu, simu iliyofungwa kwenye jicho la hadubini, ImageJ, na slaidi za kufundishia za miaka mingi. Tunapiga picha, tunatenganisha rangi, tunaweka mpaka wa ukijivu ili vyenye rangi vibaki na mandhari yaondoke, kisha tunaiambia programu ipime kila kilichobaki. Kipimo ninachokipenda ni cha umviringo: eneo mara nne mara pai, gawanya kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara kamili hutoa 1. Chembe nyekundu nzima inakaribia 1. Trypanosoma, kwa urefu wake na mikunjo yake, anashuka chini kabisa. Wanafunzi wanashangilia, wanadhani tumemaliza.

Kisha naweka slaidi nyingine, iliyotiwa rangi kwa maji ya kisima badala ya maji yaliyosawazishwa kwenye pH 7.2. Kila kitu kimekuwa cha bluu. Mpaka wa ukijivu uliofaa jana leo unakamata chembe zilizokunjamana, takataka za rangi iliyoganda na uzi wa pamba, na vyote vina umviringo mdogo. Programu inaviita vidubini. Hapo ndipo somo langu linapoanza. Mwanafunzi anafungua fomula, anachukua karatasi, anapima uzi wa pamba kwa mkono, anaona kwa nini umepita. Anaongeza sharti la kiini cha zambarau, na la urefu usiozidi maikroni arobaini. Anajaribu tena. Mmoja wao, binti kutoka Mishamo, alibadilisha mistari michache ya amri, akaandika sababu zake pembeni kwa Kiswahili, akawapa wenzake. Kwenye kifaa kilichofungwa angeambiwa tu kwamba slaidi ni mbaya, au vibaya zaidi, angepewa jibu la uongo na kuliandika kwenye rejesta.

Kuna mambo ambayo programu yoyote, ya wazi au ya siri, haitayapata kwenye picha ya trypanosoma. Rhodesiense anayemuua mtu na ndugu yake brucei anayekaa katika wanyama bila kumdhuru mtu wanafanana kabisa chini ya lenzi. Wanatofautishwa kwa vinasaba, kwa jeni inayoitwa SRA. Mwenye kukuambia kwamba kompyuta yake inawatofautisha kwa picha ya Giemsa peke yake, mwombe msimbo na slaidi zake. Tena, kompyuta hufundishwa kwa picha zilizopo. Mwaka 2023 watafiti wa Ubelgiji na wenzao walitoa hadharani maelfu ya picha za trypanosoma ili mtu yeyote azitumie. Ni zawadi kubwa, lakini damu yenyewe ni ya panya wa maabara, bila rangi. Damu ya mrina asali wa Ugalla, iliyopakwa rangi kwa maji ya Mpanda na kupigwa picha kwa simu ya mtumishi wa zahanati, ina sura yake. Wagonjwa wa rhodesiense wanaoripotiwa duniani wamepungua sana miaka hii, jambo la kushukuru, na maana yake slaidi za kweli zinazidi kuwa adimu.

Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wa maabara wa Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, na wa Kaliua, Urambo na Sikonge ng'ambo ya mto. Najua tunavyoosha slaidi ili zitumike tena, maana boksi jipya halifiki kwa wakati. Yenye trypanosoma msiioshe. Mgonjwa wa homa anayetoka porini, hata kipimo cha haraka kikisema hana malaria, mtengenezeeni tone nene na mlisome. Mkimkuta trypanosoma, pigeni picha sehemu kadhaa za slaidi, muandike aina ya rangi, maji, lenzi na simu mliyotumia. Mwelezeni mgonjwa kwa lugha yake picha hiyo inakwenda wapi, mpate ridhaa yake, na jina lake lisiwemo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Nakala iende kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu cha NIMR pale Tabora, nyingine ibaki kwenu. Na atakayekuja na programu ya kuzisoma picha hizo, huria au ya kununua, kabla hamjamkabidhi mwambieni aonyeshe anavyohesabu.